MLANGO USIO NA KITASA

Mwezi Juni mwaka 1999 mwananchi mmoja wa Australia, Bruce Maguire, alipeleka malalamiko katika tume ya haki za binadamu ya nchi yake. Bwana Maguire ni mtu asiyeona. Hakulalamika kwamba amepigwa, wala kwamba amefukuzwa kazi. Alilalamika kwamba ipo tovuti ambayo yeye hawezi kuitumia. Tovuti hiyo ilikuwa ya kamati iliyoandaa Michezo ya Olimpiki ya Sydney, iliyotazamiwa kuanza Septemba 2000. Dunia nzima ilikaribishwa kusoma ratiba ya michezo humo, na yeye, mwenyeji, akabaki mlangoni.

Wapo watakaouliza: asiyeona na kompyuta wapi na wapi? Swali hilo ndilo lililonifanya nichague mada hii juma hili. Watu wasioona walikuwa wakitumia kompyuta miaka mingi kabla wengi wetu hatujaiona kwa macho, tena waliitumia vizuri, mpaka sisi wenye macho tulipoanza kuipamba. Historia ya pambo hilo, na hasa sehemu yake iitwayo menyu, inamhusu kila mwenye simu mfukoni, kama tutakavyoona.

Tuanze na neno lenyewe. Menyu tunaifahamu kutoka hotelini: ni orodha ya vyakula unayopewa ili uchague. Anayetuma pesa kwa simu naye anaifahamu: bonyeza tarakimu hii kutuma, ile kutoa, nyingine kununua muda wa maongezi. Katika tovuti, menyu ni ule mstari wa maneno ulio juu ya ukurasa: Mwanzo, Habari, Huduma, Mawasiliano. Kwa kuwa tovuti kubwa ina kurasa mamia na skrini ni ndogo, wajenzi walibuni njia ya kuficha orodha nyingine chini ya kila neno. Mshale wa kipanya ukipita juu ya neno Huduma, orodha inashuka kama pazia; mshale ukiondoka, pazia linapanda. Ni jambo zuri kwa anayeliona na mwenye kipanya. Lakini asiyeona hauoni mshale. Mwenye mkono unaotetemeka hawezi kuutuliza mshale mahali pamoja. Mwenye kuumia mkono huenda asishike kipanya kabisa. Kwao mlango huo hauna kitasa.

Hoja yangu leo ni moja. Katika muda wa zaidi ya miaka 40 kosa hili la kujenga mlango usio na kitasa limefanywa mara tatu, na wa kwanza kulisemea wamekuwa watu wenye ulemavu. Mara ya tatu dunia nzima ilijikuta iko upande wao wa mlango, na hapo ndipo ilipokubali kwamba walikuwa na haki.

Kipanya hakikuzaliwa jana. Douglas Engelbart na wenzake huko California walikitengeneza katika miaka ya 1960, na tarehe 9 Desemba 1968 alikionyesha hadharani mjini San Francisco. Baadaye watafiti wa kampuni ya Xerox katika mji wa Palo Alto walijenga kompyuta zenye picha na madirisha katika skrini, ambamo menyu ilichomoza pale mtu alipobonyeza. Kampuni ya Apple iliyachukua mawazo hayo ikayaendeleza. Mhandisi wake, Bill Atkinson, ndiye aliyebuni menyu zinazoshuka kutoka mstari ulio juu ya skrini. Menyu hizo zilitokea katika kompyuta iliyoitwa Lisa mwaka 1983, kisha katika Macintosh mwezi Januari 1984.

Macintosh ile ya kwanza ilikuwa na jambo moja ambalo wengi wamelisahau. Kibodi yake haikuwa na vitufe vya mishale, vile vinne vya kwenda juu, chini, kushoto na kulia. Havikusahauliwa kiwandani. Viliachwa kwa makusudi, ili mtumiaji alazimike kutumia kipanya, na watengenezaji wa programu nao walazimike kuandika programu mpya za kipanya badala ya kuhamisha zile za zamani. Kibiashara huenda ilikuwa busara. Lakini tazama maana yake: mkono mmoja wa kuelekeza mshale, na jicho moja la kuufuata, viliwekwa kuwa sharti la kutumia mashine.

Kwa watu wasioona wakati huo ulikuwa mbaya zaidi kwa sababu walikuwa ndiyo kwanza wameanza kufurahia. Kompyuta za kawaida za miaka ya mwanzo ya 1980 zilionyesha herufi tupu, nyeupe au kijani katika skrini nyeusi. Herufi hizo zilihifadhiwa katika kumbukumbu ya mashine zikiwa herufi, mstari kwa mstari. Kwa hiyo programu nyingine iliweza kwenda pale, kuzichukua na kuzipeleka kwenye chombo cha kutoa sauti. Mtaalamu wa hisabati Jim Thatcher, aliyefanya kazi katika kampuni ya IBM, alitengeneza mojawapo ya programu za kwanza za aina hiyo katikati ya miaka ya 1980. Kule Florida, Ted Henter, mwendesha pikipiki za mashindano aliyepoteza uwezo wa kuona katika ajali ya gari mwaka 1978, alianzisha kampuni yake mwaka 1987. Mwaka 1989 kampuni hiyo ikatoa programu inayoitwa JAWS, ambayo inatumika hadi leo. Karani asiyeona aliweza kuketi ofisini, kuandika barua, kusoma hesabu na kupokea mshahara kama mwenzake.

Kisha zikaja picha. Katika skrini ya picha herufi si herufi tena. Ni nukta zilizochorwa. Menyu ni nukta, kitufe ni nukta. Programu ya kusoma skrini ilipouliza, "Hapa pameandikwa nini?" ilijibiwa kwa kimya. Wengi waliogopa kwamba mlango uliokuwa umefunguka miaka michache tu iliyopita unafungwa tena, na watu watapoteza kazi.

Haukufungwa, lakini ilihitaji jasho. Mwaka 1989 kampuni ya Berkeley Systems ilitoa programu ya kwanza iliyoweza kuisoma skrini ya picha ya Macintosh. Kwa upande wa kompyuta za IBM na zile zilizofuata mfano wake, msaada mmoja ulitokea katika kanuni za ujenzi wa programu. Mwaka 1987 IBM ilitoa mwongozo wa namna programu zake zote zinavyopaswa kufanana, na kanuni mojawapo ilikuwa kwamba menyu iweze kufunguliwa kwa kibodi. Ndiyo maana hata leo, katika programu nyingi za Windows, ukibonyeza kitufe cha Alt utaona herufi zimepigiwa mstari chini katika menyu: bonyeza herufi hiyo na orodha itashuka. JAWS ya Windows ilipotoka mwaka 1995, ilikuta milango mingi tayari ina vitasa. Kosa la kwanza likawa limerekebishwa, kwa kanuni nyepesi sana: kila kinachofanywa kwa kipanya kiweze kufanywa kwa kibodi.

Mtu angetarajia kwamba somo hilo limeingia. Halikuingia, kwa sababu wanafunzi walibadilika.

Mwaka 1989 Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha CERN mjini Geneva, alipendekeza mfumo wa kuunganisha maandishi ya kompyuta mbalimbali. Mwaka 1991 mfumo huo, ambao leo tunauita tovuti, ukawa wazi kwa watu wote. Kurasa zile za kwanza zilikuwa maandishi na viungo tu. Ulisoma, ukafika penye kiungo, ukakifuata. Kitufe cha Tab kilikupeleka kutoka kiungo hiki hadi kingine, na kile cha Enter kilikufungulia. Programu ya kusoma skrini haikuwa na taabu kubwa, maana herufi zilikuwa zimerudi kuwa herufi. Waulize wasioona waliotumia kompyuta miaka hiyo: kwa mara ya kwanza waliweza kusoma gazeti siku ileile lililotoka, bila kumsubiri mtu wa kuwasomea.

Furaha hiyo haikudumu. Mwaka 1995 kampuni ya Netscape iliweka ndani ya programu yake ya kuvinjari lugha ndogo iitwayo JavaScript, iliyobuniwa na Brendan Eich. Kwa lugha hiyo ukurasa uliacha kuwa karatasi tu, ukaweza kutenda. Kufikia mwaka 1997, programu mpya za Netscape na Microsoft ziliwawezesha wajenzi kuficha na kufichua sehemu za ukurasa wakati wowote. Menyu zinazoshuka zikaenea kila mahali. Wajenzi wengi walikuwa vijana waliojifundisha wenyewe kwa kunakili kazi za wenzao. Kanuni ile ya kibodi ya mwaka 1987 hawakuwahi kuisikia. Waliandika amri moja: mshale ukipita, fungua, mshale ukiondoka, funga. Wakajaribu kwa mikono yao, wakaona inafanya kazi, wakaondoka.

Kosa la pili likawa limetendeka, safari hii kwa upana wa dunia.

Haki lazima isemwe: walikuwapo waliopiga mbiu mapema. Mwaka huohuo wa 1997 shirika linalosimamia kanuni za tovuti, ambalo Berners-Lee ndiye mwanzilishi wake, lilianzisha mpango maalumu wa kuhakikisha kwamba watu wenye ulemavu hawaachwi nje. Tarehe 5 Mei 1999 mpango huo ulitoa mwongozo wake wa kwanza. Miongoni mwa kanuni zake 14, moja ilisema tovuti isitegemee kifaa cha aina moja tu. Kwa maneno mengine: ukiweka menyu inayofunguka kwa kipanya, uweke na njia ya kuifungua bila kipanya.

Mwezi mmoja baadaye Bruce Maguire alipeleka malalamiko yake. Madai yake yalikuwa matatu, na hayakuwa makubwa. Picha zote zenye kazi ya kiungo ziwe na maneno yanayosomeka nyuma yake. Iwepo njia ya kutoka katika ukurasa wa ratiba kwenda kwenye orodha ya michezo. Na majedwali ya matokeo yawe ya kusomeka wakati wa michezo. Yeye mwenyewe alitumia kifaa kinachogeuza maandishi ya skrini kuwa nukta nundu chini ya vidole vyake. Kifaa chake kilikuwa kizima. Kilichokosekana ni maneno ya kukipa.

Kamati ya Sydney ilijitetea kwa hoja ambayo mpaka leo hutolewa katika ofisi nyingi: ni ghali mno, na muda hautoshi. Ilidai kwamba kazi hiyo ingemchukua mtu mmoja siku 368 na kuhitaji gharama ya zaidi ya dola milioni mbili za Australia. Wataalamu waliotoa ushahidi upande wa Bwana Maguire walisema kazi hiyo ni ndogo kuliko hivyo kwa mbali. Tarehe 24 Agosti 2000 tume iliamua kwamba kamati imembagua kinyume cha sheria, ikaiagiza irekebishe tovuti kabla ya michezo kufunguliwa tarehe 15 Septemba. Kamati ilitimiza sehemu tu ya agizo hilo. Mwezi Novemba, michezo ikiwa imekwisha na wanariadha wamerudi makwao, iliamriwa imlipe Bwana Maguire fidia ya dola 20,000 za Australia.

Fidia alipata, Olimpiki ilimpita. Lakini uamuzi ule ulisomwa mbali na Sydney. Kesi hiyo ilikuwa miongoni mwa za kwanza duniani kutamka kwamba tovuti ni huduma kama huduma nyingine, na kumfungia mtu nje kwa sababu haoni ni ubaguzi.

Wajenzi nao walianza kutafuta dawa. Mwezi Novemba 2003 Patrick Griffiths na Dan Webb walichapisha namna mpya ya kujenga menyu. Waliipa jina la samaki anayejibandika kwa papa, yule ambaye wavuvi wa pwani yetu humwita chazo. Ubora wake ulikuwa kwamba menyu iliandikwa kama orodha ya kawaida ya maneno na viungo, na pambo likawekwa pembeni. Ukiliondoa pambo, orodha inabaki inasomeka. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, na namna hiyo ilinakiliwa katika tovuti nyingi sana.

Hata hivyo dawa ilikuwa na madhara yake. Wengine waliificha orodha ya ndani kabisa, na programu ya kusoma skrini ikairuka kana kwamba haipo. Wengine waliisogeza nje ya skrini, upande wa kushoto, ili isionekane lakini isomeke. Hapo asiyeona alisomewa viungo 80 au 100 katika kila ukurasa kabla ya kufika kwenye habari aliyoifuata. Na yule anayeona lakini hatumii kipanya alibonyeza Tab mara nyingi akiwa hajui yuko wapi, kwa sababu alikuwa anatembea juu ya viungo visivyoonekana. Ndipo ilipohitajika kanuni nyingine: juu kabisa ya ukurasa kiwekwe kiungo cha kuruka menyu na kwenda moja kwa moja kwenye habari. Serikali ya Marekani iliweka sharti la namna hiyo kwa tovuti za idara zake, na likaanza kutumika mwaka 2001. Toleo la pili la mwongozo wa dunia, la Desemba 2008, likasema wazi kwamba kila kazi ya tovuti iwezekane kwa kibodi, na mtumiaji aone wakati wote amefika wapi.

Kanuni zikawapo basi, kesi ikawapo, na dawa ikawapo. Kilichokosekana ni sababu ya kumgusa asiyeguswa. Sababu hiyo ililetwa na simu.

Mwezi Juni 2007 Apple ilianza kuuza simu ya iPhone, na muda si mrefu simu za kugusa zikaenea duniani kote. Sasa fikiri kidogo. Katika simu ya kugusa hakuna mshale. Kidole ama kimegusa au hakijagusa. Hakuna kupita juu ya neno bila kuligusa. Menyu zote zilizofunguka kwa kupitisha mshale zikaingia matatani siku moja. Waziri alishindwa kufungua ukurasa wa wizara yake mwenyewe. Mfanyabiashara aliyekuwa na macho mawili na mikono miwili mizima aligonga neno Bidhaa, menyu ikatokea na kupotea, au isitokee kabisa. Watu wenye uwezo wote wa viungo walijikuta pale ambapo Bruce Maguire alisimama mwaka 1999.

Na ajabu ni hii: hakuna aliyesema kwamba kurekebisha ni ghali mno, wala kwamba kutachukua siku 368. Menyu zilivunjwa na kujengwa upya. Badala ya mshale kupita, kikawekwa kitufe cha kugusa: gusa, orodha ifunguke, gusa tena, ijifunge. Ile alama ya mistari mitatu tunayoiona katika simu zetu, ambayo Norm Cox aliichora kwa ajili ya kompyuta ya Xerox ya mwaka 1981, ilifufuliwa ifanye kazi hiyo. Kitufe kinachogusika kwa kidole, kikijengwa sawasawa, kinabonyezeka kwa kibodi pia, na programu ya kusoma skrini inakitambua. Lile walilolidai wenye ulemavu kwa miaka kumi kama haki, dunia ililitekeleza kwa haraka ilipolihitaji yenyewe. Wasioona nao hawakuachwa na simu hiyo: mwaka 2009 iPhone ilitoka ikiwa na sauti ya kusoma skrini ndani yake, bila kuongeza kitu.

Hata hivyo kosa la tatu lilikuwa na mkia. Baadhi ya vitufe hivyo vilichorwa tu, havikujengwa. Ni mchoro uliowekewa amri ya kugusa, na kwa kibodi haushikiki. Mwezi Machi 2014 zilipitishwa alama rasmi za kuiambia programu ya kusoma skrini kile ambacho jicho linakiona, kwa mfano kwamba orodha hii imefungwa au imefunguliwa. Alama hizo ni njema, lakini bidii isiyo na maarifa ilizigeuza. Wajenzi wengi waliipa orodha ya viungo vya tovuti alama ya menyu ya programu za ofisini, ile ya kufungua na kuhifadhi mafaili. Asiyeona akaambiwa yuko ndani ya menyu ya aina hiyo, akatumia vitufe vya mishale kama alivyozoea, na mishale isifanye chochote, kwa kuwa aliyeweka alama hakuweka kazi yake. Kuandika "Hospitali" juu ya ukuta usio na mlango si kujenga hospitali. Ndiyo maana ushauri wa wataalamu leo ni wa unyenyekevu: orodha ya kawaida, viungo vya kawaida, kitufe cha kweli cha kuifungua, na alama moja ya kusema imefunguka au imefungwa. Kitufe cha Esc kiifunge. Isifunguke yenyewe kwa mshale kupita njia, wala isijifunge kwa sababu mkono umetetemeka. Mwongozo wa Oktoba 2023 umeongeza kwamba mahali pa kugusa pasiwe padogo mno, ili hata kidole kinene au kinachotetemeka kipate shabaha.

Msomaji ataniuliza: haya ya Sydney na California yanatuhusu nini sisi wa Nairobi na Dar es Salaam? Yanatuhusu kwa sababu nasi tumehamisha milango yetu. Ombi la mkopo wa chuo kikuu, ombi la kazi serikalini, matokeo ya mitihani, namba ya mlipa kodi, hati ya kusafiria: mambo haya yalikuwa na dirisha na karani, na sasa yana tovuti. Karani aliweza kuwa mkali, lakini alikuwa na masikio. Asiyeona alimwuliza, naye akajibu. Tovuti iliyojengwa vibaya haiulizwi. Kijana asiyeona aliyemaliza shahada yake kwa nukta nundu anaweza kukwama katika neno moja lililo juu ya ukurasa, akalazimika kumpa mtu mwingine nywila yake ili amjazie fomu. Fikiri maana ya hilo: siri zake za fedha na za afya zimo mkononi mwa jirani au mwenye kibanda cha intaneti, si kwa sababu haoni, bali kwa sababu mjenzi hakuweka kitasa.

Na sheria tunazo. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unaitaja intaneti kwa jina miongoni mwa mambo ambayo nchi zinapaswa kuyafanya yafikike. Kenya iliuridhia mwaka 2008, na Tanzania mwaka 2009. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufikia mahali, usafiri na habari. Tanzania ilitunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Hatupungukiwi na karatasi. Tunachopungukiwa ni mtu mmoja katika chumba cha mikutano, siku tovuti mpya inapokabidhiwa na soda zinanywewa, atakayesema: ngoja kwanza, hebu tukiweke kipanya pembeni.

Maana jaribio lenyewe halihitaji mtaalamu wala fedha. Weka kipanya pembeni. Bonyeza kitufe cha Tab. Je, unaona umefika wapi? Unaweza kuifungua menyu kwa Enter, kuingia ndani yake, kutoka na kuifunga? Ukiweza, nusu ya kazi imekwisha. Kwa nusu ya pili ipo programu ya kusoma skrini inayoitwa NVDA, ambayo Michael Curran, kijana asiyeona wa Australia, alianza kuitengeneza mwaka 2006 na baadaye akaungana na James Teh, naye asiyeona. Inatolewa bure. Ofisi inayosema haina fedha ya kuijaribu tovuti yake kwa sauti, haina udhuru.

Bora zaidi, mwite asiyeona mwenyewe aje kuijaribu kabla haijazinduliwa, na alipwe kwa kazi hiyo kama anavyolipwa fundi mwingine yeyote. Wengine kati yao wana ujuzi wa kompyuta unaowashinda wengi wetu. Mara tatu katika historia hii walikuwa wa kwanza kuujua ubovu wa mlango, kwa kuwa wao ndio wa kwanza kugonga nao. Simu zetu zilitufundisha kwa gharama kubwa kwamba walichokidai kilikuwa chetu sote. Pambo la nne linakuja, kama yalivyokuja matatu ya kwanza. Safari hii tuwaulize kabla hatujajenga.

Kwa juma hili naishia hapo.